Tundu la Mti

Jirani yangu hapa Mhunze, wilayani Kishapu, alinikuta nikitoboa kisanduku cha mbao kwa patasi, akacheka: "Fundi, unawajengea nyumba wezi wa mtama?"

Hakukosea. Kasuku wadogo wa huku kwetu, wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, hawaoni shamba la mtama wakalipita. Lakini nyumba yao tuliibomoa sisi.

Ndege huyu hutafuta tundu lililokwisha kuwapo kwenye mti mkongwe, pale tawi lilipokatika pakaoza. Miti ya namna hiyo huku Shinyanga ilianza kufyekwa miaka ya 1920, Waingereza walipotaka kumtokomeza mbung'o. Mtaalamu wao wa mbung'o, Charles Swynnerton, alisimamia, machifu wakaita watu, watu wakaja na mashoka. Babu yangu alikuwamo. Alisimulia kwa fahari: mbung'o walikimbia, ng'ombe wakajaa. Yakafuata mashamba ya pamba, kisha kuni, mpaka mkoa ukaitwa jangwa. Miaka ya 1980 kasuku waliobaki wakanaswa kwa maelfu, wakauzwa Ulaya na Marekani. Biashara hiyo ilisimamishwa mwaka 1992.

Mwaka 1986 mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulirudisha desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili, malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Migunga ikachipua kwenye visiki vya babu. Ila mti wa miaka arobaini bado kijana. Kivuli unacho, tundu hauna.

Ndipo nikashika msumeno. Kisanduku kina sentimita 17 kila upande na kimo cha 28; mlango ni tundu la sentimita 5. Ndani sikupiga randa, makucha yapate pa kushika. Sakafuni nimetoboa vitobo vinne vya kutolea maji. Kijiti cha kutua mlangoni sikuweka, maana adui ndiye hukifaidi. Bati nililikataa: jua la Kishapu lingewachoma makinda. Paa ni mbao.

Nilikitundika kwenye mgunga wa ngitili yetu, mlango ukitazama mashariki. Wapangaji wa kwanza wakawa nyuki. Jirani aliyenicheka akaja na ndoo.

Asali tuligawana. Siku iliyofuata aliniletea mbao mbili zilizobaki kwenye zizi lake. "Tengeneza kingine," alisema, "cha wezi wako."