Mtandao wa simu ukilemewa, habari ya kitongoji ipitie wapi?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Katika saa kama ile kila mwenye simu humtafuta ndugu yake kwa wakati mmoja, na mnara hulemewa hata kama umebaki wima. Ndiyo maana wasikilizaji wa Bukoba na Muleba hutuuliza: redio inasaidiaje siku ya dharura?

Tuanze na hii yetu ya kutangaza. Inafika mbali na haihitaji bando. Kitochi chenye redio ya FM hupokea matangazo hata mtandao wa simu ukiwa umekatika. Simu nyingi zinataka tu uchomeke spika za masikioni, maana waya wake ndio antena. Anayetusikiliza kwa intaneti hana bahati hiyo. Lakini redio hii husema tu, haisikii. Tukitangaza kwamba daraja limekatika, ni kwa sababu kuna mtu aliyetufikishia habari.

Mtu huyo hutoka kitongojini. Nyumba zetu zimejificha ndani ya migomba, jirani anaweza kuangukiwa na ukuta usimwone. Anayejua nani analala wapi, na bibi yupi hawezi kutembea, ni mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa vikundi vya kuzikana kama Bujuni. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kwa maoni yetu, kamati isiyojua nani atapita nyumba zipi kwa miguu ni kamati ya makaratasi.

Kuna pia redio za mawasiliano za mkononi, zile walinzi huita redio koli. Hizi husema na kusikia, bila mnara wa simu. Mawimbi yake huenda karibu kama mwanga wa tochi: kilima kikikaa katikati, yanakwama. Aliye bondeni atamsikia aliye juu kilimani, lakini si aliye bonde la pili. Kwa hiyo mmoja akae juu, apokee na kupitisha. Ziwani hakuna kilima, ndiyo sababu zinafaa sana kwa visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba. Ila usinunue na kuanza kuongea tu. Masafa hutolewa kwa leseni na TCRA, na ukivamia masafa ya wengine unaweza kuziba mawasiliano ya waokoaji. Kijiji kiombe kwa pamoja kupitia halmashauri.

Bila kifaa chochote, bado kuna yowe. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliofika kwanza. Watu 24 walipona, 19 walifariki. Lakini yowe hukusanya watu, na si kila dharura inataka watu wakusanyike. Marburg ilipotangazwa Machi 2023 katika Bukoba Vijijini, kilichotakiwa ni kinyume: usimguse mgonjwa, usioshe maiti, toa taarifa.

Simu ikigoma kupiga, tuma ujumbe mfupi. Ni mdogo, hupenya pale sauti inapokwama. Andika kilichotokea, kijiji na kitongoji, saa, waliojeruhiwa wangapi, na kama umeona mwenyewe au umeambiwa. Hilo la mwisho ndilo tunalolitafuta kwanza hapa studio. Ujumbe unaosema tetemeko kubwa zaidi litapiga saa 4 usiku usiusambaze: hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja saa ya tetemeko.

Namba za bure ni 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji, na 199 ya Wizara ya Afya. Ziandike kwenye karatasi pamoja na ya mwenyekiti wako, uibandike nyuma ya mlango. Zilizomo ndani ya simu tu huzimika pamoja na chaji.