Hiba na Wakfu: Tarikh ya Leseni za Programu za Sayansi

Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta, wataalamu wa vyuo vikuu walipeana programu mkono kwa mkono pasipo hati wala shahidi. Lakini ilipokwisha kudhihiri kuwa programu ni mali, na sheria ikaihesabu katika milki ya mtungaji wake, ilimlazimu kila mwenye kutoa kazi yake abainishe kwa maandishi ruhusa aliyowapa wenziwe.

Mwaka 1989 yalijitokeza madhehebu mawili nchini Marekani. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa msimbo wake kwa namna ya hiba: auchukue apendaye, aubadili, hata auuze na kuficha alichoongeza, mradi jina la chuo na hati ya ruhusa vihifadhiwe. Mtunga programu Richard Stallman naye alitoa leseni ya GPL, iliyoifanya programu mithili ya wakfu, kwa kuwa kila aigawaye, hata akiwa ameitengeneza upya, hana budi kuigawa pamoja na msimbo wake kwa masharti yale yale.

Wanasayansi walifuata njia zote mbili. Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, walioitunga lugha ya takwimu iitwayo R, walisikia nasaha ya Martin Mächler wa Zürich, wakaitoa kwa GPL mwezi wa Juni 1995. Ilhali watu wa NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, walichagua leseni ya kabila la Berkeley. Kwa hiyo msimbo wa NumPy waweza kuingizwa katika R, bali ule wa R hauwezi kuingia NumPy na kutolewa kwa masharti ya hiba, ila kwa idhini ya wenyewe.

Hata sharti moja huweza kuleta taabu. Leseni ya kwanza ya Berkeley ilidai kwamba kila tangazo lenye kutaja sifa za programu likitaje na chuo. Wengine wakaliiga sharti hilo kwa majina yao, ikawa Stallman, alipoukagua mfumo wa kuendeshea kompyuta wa NetBSD wa mwaka 1997, alihesabu sentensi 75 za namna hiyo. Tena sharti lenyewe halikupatana na GPL. Chuo kililifuta tarehe 22 Julai 1999, lakini kwa kazi zake tu. Waliokiiga walibaki kuombwa mmoja mmoja walifute.

Basi kila kundi lianzalo programu ya ushirika na liafikiane juu ya leseni kabla ya kupokea mchango wa mtu wa pili, na lichague iliyokwisha kujulikana badala ya kujitungia yake. Kwani baada ya hapo kila mchangiaji, au mwajiri wake, ni mwenye haki, na kuigeuza hati kwahitaji ridhaa yao.