Kwa nini shoka la mawe lilichelewa kuingia Ulaya

SHOKA la mkono ni zana ya mawe iliyochongwa pande zote mbili hadi ikapata ncha, makali ubavuni na kitako cha kushikia. Halikuwa na mpini. Kwa zaidi ya miaka milioni moja, binadamu wa kale walilitumia kukata nyama, kuchuna ngozi na kuchonga miti.

Baadhi ya mashoka ya kale zaidi yanayofahamika yalipatikana Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.76. Ulaya haina shoka linalokaribia umri huo. Pengo baina ya mabara haya mawili ni la zaidi ya miaka 700,000, na chanzo chake kingali kinajadiliwa na wanaakiolojia.

Pengo hilo halikutokana na ukosefu wa watu. Huko Dmanisi, nchini Georgia, penye lango la Ulaya, binadamu waliishi yapata miaka milioni 1.8 iliyopita. Katika milima ya Atapuerca, kaskazini mwa Uhispania, kumefukuliwa mifupa ya binadamu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja, na mingine ya takriban miaka 850,000. Watu hao walibandua vipande vya mawe vyenye makali, lakini hawakuacha mashoka ya mkono.

Dalili za kwanza za mabadiliko zilijitokeza Barranc de la Boella, karibu na Tarragona, Uhispania. Hapo, zana kubwa zilizochongwa zilipatikana katika matabaka ya kati ya miaka 900,000 na milioni moja, pamoja na mifupa ya mamothi, mnyama wa jamii ya ndovu aliyekwisha kutoweka. Kisha, takriban miaka 700,000 iliyopita, mashoka kamili yakaonekana La Noira, katikati mwa Ufaransa, na Notarchirico, kusini mwa Italia.

Ajabu ni kwamba elimu ya zana hizi ilianzia huko huko Ulaya. Jacques Boucher de Perthes, afisa wa forodha mjini Abbeville, Ufaransa, alidai katika miaka ya 1840 kwamba mashoka aliyoyakusanya yalitengenezwa na watu walioishi zama moja na wanyama waliotoweka. Wengi walimpuuza hadi mwaka 1859, Waingereza Joseph Prestwich na John Evans walipojionea shoka likiwa bado limekwama ardhini huko Saint-Acheul, kitongoji cha mji wa Amiens. Kitongoji hicho ndicho kilichoupa utamaduni wa mashoka haya jina lake la kitaalamu.

Hata hivyo, mwaka 1863 Boucher de Perthes alipatwa na fedheha. Taya la binadamu lililotolewa katika machimbo ya kokoto ya Moulin Quignon, mjini Abbeville, lilibainika kuwa lilifukiwa humo kwa hila. Machimbo hayo yakatiliwa shaka kwa zaidi ya karne moja na nusu. Watafiti wa Ufaransa walipochimba upya, walipata mashoka halisi, na mwaka 2019 wakatangaza kuwa yana umri wa takriban miaka 650,000. Taya lilikuwa la uongo, ila mawe yalikuwa ya kweli.

Kuhusu kuchelewa kwa ufundi huu, kuna maelezo mawili makuu. La kwanza ni kwamba uliletwa na wageni kupitia Mashariki ya Kati, ambako mashoka yalikuwepo Ubeidiya, Israeli, zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. La pili ni kwamba wenyeji wa Ulaya waliuvumbua wenyewe, wakiendeleza ujuzi waliokuwa nao.

Hali ya hewa nayo huenda ilichangia. Kati ya miaka milioni 1.2 na 700,000 iliyopita, vipindi vya barafu vilirefuka na baridi ikazidi. Jamii ndogo zilizokuwa kaskazini zilihama au zikaangamia, nao ujuzi ukapotea pamoja nazo. Kwa hivyo, yamkini shoka liliingia Ulaya zaidi ya mara moja.

Kufikia yapata miaka 480,000 iliyopita, ufundi huo ulikuwa umekomaa. Huko Boxgrove, kusini mwa Uingereza, wachongaji walitumia nyundo za mifupa na pembe za kulungu kusawazisha mashoka ya gumegume, kisha wakachinjia farasi papo hapo. Vipande walivyobandua vimekutwa vikiwa vimelala pale pale vilipoanguka.

Takriban miaka 300,000 iliyopita, mbinu mpya ya kutayarisha jiwe kabla ya kubandua vipande ilianza kuenea, na umaarufu wa shoka la mkono ukapungua pole pole.