Mazungumzo katika hadithi fupi

Mazungumzo, au dayalojia, ni maneno ya wahusika yanayoandikwa kama yalivyotamkwa, yaani kwa usemi halisi. Hadithi fupi huyategemea sana kwa kuwa haina kurasa za kumwelezea mtu. Namna anavyoitikia salamu yatosha kumtambulisha.

Mfano mashuhuri unahusu Kilimanjaro. Mmarekani Ernest Hemingway alikuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1933, akaugua kuhara damu, na mapema 1934 akapelekwa Nairobi kwa ndege. Agosti 1936 jarida la Esquire lilichapa hadithi yake "The Snows of Kilimanjaro". Humo mwandishi anayekufa kwa donda ndugu anagombana na mkewe kambini, na ndoa yao tunaijua kwa majibizano mafupi, mengi pasipo "alisema" wala "alijibu". Dosari iko kwa mtumishi, Molo, ambaye kazi yake ni kuitikia "bwana" tu. Mtu wa Moshi, mji ulio chini ya mlima huo, angemwandika vingine.

Katika Kiswahili usemi halisi huwekwa ndani ya alama za mtajo, kila msemaji na aya yake. Alama ya kituo hutangulia ile ya kufunga:

"Meku, kahawa imenunuliwa?" aliuliza Mangi wa dukani.

"Bado. Wamesema kesho."

Kiulizi ndicho chenye uzito kuliko alama zote. Pasipo "je", swali la ndiyo au hapana na taarifa hutofautiana kwa kiimbo peke yake, na karatasi haina sauti: "Kahawa imenunuliwa" yenye nukta ni habari njema kwa mkulima wa Kibosho. Mkato nao hubadili mambo. "Mwite Meku" ni kutumwa kumwita mzee. "Mwite, Meku" ni mzee mwenyewe anayetumwa. Katika usemi wa taarifa alama za mtajo huondoka, na "kesho" hugeuka "siku iliyofuata".

Swali gumu kwa waandishi wa Moshi ni Kichaga, ambacho chenyewe si kimoja: Mmachame na Mrombo hawasemi sawa. Neno mojamoja kama Meku (mzee) au Mangi (chifu) halihitaji maelezo ndani ya hadithi. Sentensi nzima yahitaji jibu la Kiswahili kutoka kwa msemaji wa pili, ili maana ijulikane humohumo. Kuharibu tahajia ili kuonyesha lafudhi ya Kichaga, kama wafanyavyo wachekeshaji, humchosha msomaji na kumfanya mhusika kuwa kichekesho. Mpangilio wa maneno na heshima za kuitana hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.