Askari Wasio na Kaburi

Leo nitawaeleza habari za watu waliokwenda vitani wasirudi, wala mahali walipolala hapajulikani.

Kwetu Matongo, katika nchi ya Tarime, mtu akifa huzikwa karibu na nyumba yake, na wajukuu huonyeshwa mahali pale wakaambiwa, “Hapa yupo babu yenu.” Lakini Wakurya tangu zamani ni watu wa kuingia jeshini, na katika K.A.R. walikuwamo wengi. Basi zimo nyumba ambazo babu mmoja hana mahali pa kuonyeshwa. Aliaga, akashika njia, asionekane tena.

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, walipigana katika nchi zetu. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung’o. Kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu, na wapagazi walioandikwa walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu wakafa, na wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, kuhara damu na homa. Walifukiwa kando ya njia, na jeshi likaendelea na safari. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Vita vilipokwisha, mataifa yakataka kuwaheshimu wafu. Sasa angalieni mwaka mmoja tu, 1927. Katika mwaka huo lilifunguliwa Lango la Menin katika mji wa Ypres, Ubelgiji. Katika kuta zake yamechorwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na Wahindi wamo. Mwaka huo huo ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya shaba ya askari Mwafrika mwenye bunduki. Mwaka uliofuata zikasimamishwa Nairobi sanamu tatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake husema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima. Lakini ukizunguka sanamu hizo upande kwa upande ukitafuta jina la babu yako, hutaliona, wala la mtu mwingine yeyote miongoni mwao.

Katika Vita ya Pili mambo yalibadilika kidogo. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Tarehe 12 ilipigwa na manowari ya Wajapani iliyokuwa chini ya maji, ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Bahari haina kaburi la kuwekea jiwe. Lakini majina ya askari wale yameandikwa katika ukumbusho ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi. Vivyo hivyo, askari wetu waliopotea katika misitu ya Burma, ambayo sasa ni Myanmar, wamo katika ukumbusho wa Rangoon, pamoja na wenzao wapata 27,000.

Kwa nini wapagazi wa vita ya kwanza hawakuandikwa? Wakubwa wa siku zile waliamua kwamba Waafrika watatosheka na ukumbusho mmoja wa wote. Mwaka 2021, Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichunguza mambo hayo, ikakiri kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwamo, ikaomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao walitoka Afrika na Mashariki ya Kati. Tangu hapo hati za kale hutafutwa katika Afrika ya Mashariki, na majina mengine yamepatikana.

Wazee wetu walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Na mtu je? Shaba haina haja ya kujua jina la mtu ili isimame, lakini mjukuu anayo haja hiyo. Basi ninyi wanafunzi, jioni ya leo chukueni daftari mkamwulize mzee wa nyumbani: Nani katika ukoo wetu alikwenda vitani asirudi? Baba yake aliitwa nani? Aliondoka lini, akapita njia gani? Andikeni kama asemavyo, wala msiongeze neno. Na wewe mzee, ukiulizwa, usiseme kwamba habari hizo zimepitwa na wakati. Huenda jina hilo lingali limeandikwa katika hati fulani, nalo halina mtu wa kulitambua ila wewe.