Strakti ilitangulia, yunioni ikafuata

Majira ya joto ya 1973, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, walikiandika upya kiini cha mfumo endeshi wa Unix kwa lugha ya C. Mwaka mmoja kabla, Thompson aliijaribu kazi hiyohiyo akaiacha. Wakati ule C haikuwa na strakti.

Kiini cha mfumo endeshi kimejaa majedwali. Kila programu inayoendeshwa ina namba yake, mmiliki wake, hali yake na mahali ilipo kwenye kumbukumbu. Lugha ya B, mzazi wa C, haikutofautisha aina za data hata kidogo. Strakti ndiyo iliyowezesha taarifa hizo kukaa chini ya jina moja, kila moja na nafasi yake.

Yunioni, yaani nafasi moja ya kumbukumbu inayosomwa kwa aina zaidi ya moja, haikuwepo bado, ila haja yake ilikuwepo, na mafundi waliitimiza kwa hila. Kompaila ya siku zile haikujali sehemu fulani ni ya strakti ipi. Kwake jina la sehemu lilikuwa umbali tu wa baiti kutoka mwanzo. Kwa hiyo katika toleo la sita la Unix, la 1975, utakuta strakti mbili zisizo na jina: moja ina baiti mbili mbalimbali, nyingine ina namba kamili moja. Ukizitumia zote kwenye anwani ileile, unasoma kitu kimoja kwa sura mbili. Mwalimu wa leo angeitia kalamu nyekundu.

Kitabu cha Brian Kernighan na Ritchie kuhusu C, cha 1978, tayari kinafundisha yunioni. Sehemu zote za yunioni huanzia baiti ileile. Kwenye kompyuta nyingi za sasa, strakti yenye int (namba kamili) na double (desimali) hula baiti 16, nne zikiwa tupu kwa ajili ya mpangilio. Yunioni ya hizohizo hula 8.

Wazo lenyewe lilitoka Algol 68, lakini Ritchie alichukua nusu yake. Yunioni ya Algol 68 hukumbuka aina iliyomo, nawe huwezi kuitumia kabla ya kuuliza. Ya C haikumbuki chochote: weka desimali, soma namba kamili, utapewa takataka bila onyo. Kwa hiyo ukiitumia, ifunge ndani ya strakti pamoja na sehemu inayotaja kilichomo.