George, Jirjis, Khidhri: Shahidi Kabla ya Joka

Mtakatifu George anayechorwa makanisani ni kijana aliyepanda farasi mweupe, mkuki mkononi, joka likigaragara chini ya kwato. Joka hilo lilichelewa sana kufika. Masimulizi ya kale kabisa ya shahidi huyu hayalitaji, na naamini kuja kwake kulimpokonya George jambo kubwa kuliko yote aliyosimuliwa kuyafanya, nalo ni kumkatalia mtawala uso kwa uso. Ajabu ni kwamba jambo hilo lilihifadhiwa vizuri mno na mwanahistoria Mwislamu.

Historia yenyewe ni haba. Februari 303 Kaisari Diocletian alitoa amri ya kuwatesa Wakristo. Eusebius, aliyeishi zama hizo, anasimulia juu ya mtu mwenye cheo aliyeichana amri hiyo hadharani mjini Nicomedia, akauawa. Hamtaji jina, ila baadaye wengi walisema huyo ndiye George. Mapokeo ya Kanisa yanamweleza kuwa askari mwenye asili ya Kapadokia, aliyekatwa kichwa tarehe 23 Aprili mwaka huo kwa kukataa kuitambikia miungu. Karne ya 6 mahujaji walikuwa tayari wakilizuru kaburi lake Lydda, mji wa Palestina unaoitwa leo Lod.

Pengo lililobaki lilijazwa na masimulizi. Katika kitabu cha mateso yake, mfalme aitwaye Dadianus anamtesa kwa miaka saba. Ananyweshwa sumu, anakatwakatwa kwa gurudumu, anakufa mara tatu na mara tatu Mungu anamfufua, hadi upanga unapomaliza. Kanisa la Roma lenyewe liliingiwa na shaka: orodha ya vitabu inayohusishwa na jina la Papa Gelasius inakiweka kitabu hicho miongoni mwa visivyokubaliwa. George aliheshimiwa, kitabu chake kikakataliwa.

Simulizi hiyo haikufa. Imam Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, anaileta katika historia yake kubwa. Shujaa wake ni Jirjis, mcha Mungu wa Palestina na mfanyabiashara mwenye mali, anayekwenda Mosul kwa mfalme mwenye jina lile lile la Dadianus kwa matamshi ya Kiarabu. Anamkuta akiwalazimisha watu kulisujudia sanamu, na anayekataa hutupwa motoni. Jirjis hachomoi upanga. Anagawa mali yake, kisha anamwendea mfalme na kumkemea. Anauawa, anarudishwa uhai, anasimama tena mbele ya kiti kile kile. Farasi hayumo, wala binti mfalme wa kuokolewa. Adui ni dola inayodai kuabudiwa, na silaha ni neno. Kwa maoni yangu, hapo tuko karibu na kiini cha ushahidi kuliko katika picha nyingi zinazopamba makanisa.

Kwa Waislamu wa kawaida wa Palestina jina linalotajwa zaidi ni Khidhri. Anayesoma Suratul Kahf kila Ijumaa anamjua: yule mja aliyepewa elimu, aliyefuatana na Nabii Musa, akaitoboa jahazi, akamuua kijana, akausimamisha ukuta uliotaka kuanguka. Qurani haikumtaja jina. Hadithi ndizo zilizomtaja. Wanazuoni humtofautisha na Jirjis, na Tabari anawaeleza kila mmoja mahali pake. Waliowaunganisha ni watu wenye shida zao. Waumini wengi wanaamini Khidhri yu hai hadi leo, na George naye ni yule aliyeuawa akarudi. Mama mwenye mtoto mgonjwa alihitaji mtu ambaye mauti hayakumweza. Katika kijiji cha al-Khader karibu na Bethlehem, Wakristo na Waislamu huenda kanisa moja kuomba baraka ya mnyororo unaohusishwa naye; zamani wenye maradhi ya akili walifungwa humo kwa matumaini ya kupona. Huko Lod, kanisa la George na msikiti vinapakana ukuta kwa ukuta.

Joka lilitokea upande mwingine. Maandishi yake ya mapema yanayojulikana ni ya Kijojia, karne ya 11. Katika nchi ya Wajojia, huko Kaukazi, zipo sanamu za kale ambamo anayechomwa mkuki chini ya farasi ni mtu: ni Diocletian. Mtesaji alipoondolewa na mnyama akawekwa mahali pake, picha haikumtisha tena mfalme yeyote. Wanajeshi wa Msalaba walisema walimwona George akiwapigania Antiokia mwaka 1098. Katika karne ya 13 Jacobus de Voragine aliisambaza Ulaya nzima hadithi ya joka, akiiweka Libya. Mwaka 1348 Edward III wa Uingereza akamfanya msimamizi wa chama chake cha mashujaa. Aliyeuawa na kaisari akawa nembo ya wafalme.

Ethiopia inaitikisa hoja yangu, na sitaikwepa. Huko pia George yuko upande wa wafalme. Mjini Lalibela kuna Bete Giyorgis, kanisa lililochongwa kwa umbo la msalaba ndani ya mwamba, na wenyeji huonyesha alama mwambani wakisema ni za kwato za farasi wake, siku alipokuja kulidai kanisa lake. Tarehe 1 Machi 1896, ambayo kwa kalenda yao ni siku yake, tabot ya George, yaani kibao kitakatifu cha kanisa, ilibebwa hadi Adwa, na jeshi la Mfalme Menelik II likawashinda Waitalia. Lakini hapo mpanda farasi alisimama na waliovamiwa. Mkuki ni ule ule, ila kinachochomwa ni dola ya kigeni iliyokuja kudai utii usio haki yake, na hilo Jirjis wa Tabari angelitambua mara moja.

Mosul, mji ambao Tabari aliuchagulia kisa chake, ulikuwa na msikiti wa Nabii Jirjis uliozuriwa kwa karne nyingi. Julai 2014 wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliwapa Wakristo wa mji huo sharti la kusilimu, kulipa kodi, kuondoka au kuuawa, na karibu wote wakakimbia. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, wapiganaji hao waliulipua msikiti wa Jirjis.